Orodha ya Mlangoni

Kufuli lilikuwa jipya, kubwa kama ngumi ya mtu mzima, na Mkutubi hakuwa na ufunguo wake. Kwa miaka kumi na moja hapakuwa na kufuli kwenye maktaba ile asilolijua. Alisimama mbele ya mlango wa kioo, mkoba begani, muhuri wa tarehe ndani ya mkoba, na binti yake wa miaka kumi kando yake, wakisoma bango lililobandikwa asubuhi ileile: HATARI. USIINGIE.

Ilikuwa siku ya kwanza ya likizo ndefu ya shule. Nyuma yao watoto kama ishirini walikuwa wameshajipanga, wamenawa nyuso, kila mmoja na kadi yake ya kusoma mkononi.

"Boriti kuu imepasuka," alisema mhandisi aliyekuwa akikusanya vyombo vyake. "Dari inaweza kushuka wakati wowote."

"Nipe dakika tano tu niingie, nitoe vitabu vya watoto."

"Mama, humu hata paka haingii."

"Mimi nitapita pembeni, karibu na ukuta."

"Ukuta ndio unaonitisha zaidi," alisema mhandisi, akavaa kofia yake ngumu akaondoka.

Mkutubi alipiga simu makao makuu. Mkuu wa maktaba zote alikuwa na sauti ya mtu aliyekwisha kuamua jambo kabla ya kunywa chai. Jengo limefungwa, alisema, basi na programu ya likizo imefungwa, akapumzike.

"Na tawi langu, bosi?"

"Kanuni unaijua. Tawi lisilosomesha watoto likizo tunalifuta. Jengo litakwenda kwa idara nyingine, walitengeneze, wawe na ghala lao."

"Wangapi wanatosha?"

"Hamsini, kila mmoja vitabu vitano, na mkaguzi aje awaulize mmoja mmoja. Sasa wewe utawapata wapi, na vitabu vyote vimefungiwa ndani?"

"Nikiwapata je?"

"Ukiwapata, hata sokoni, tawi linabaki," alisema mkuu, akicheka kidogo, na kicheko hicho kilimchoma Mkutubi kuliko kufuli.

Alikata simu. Likizo ya wiki sita, watoto hamsini, na kitabu hata kimoja hana. Matawi mengine yasingempa, kila moja lilikuwa na watoto wake. Aliwageukia watoto ili awaambie warudi nyumbani.

Wakati huo binti yake alikuwa ameibana pua kwenye kioo, anasoma kwa sauti. Kwa ndani, kikitazama nje ili mtaa mzima ukione, kilikuwa kimebandikwa kikaratasi alichokiandika Mkutubi mwenyewe kwa wino mwekundu: WALIOCHELEWESHA VITABU. Jina, kitabu, tarehe. Jina, kitabu, tarehe. Mtaani orodha ile iliogopwa kuliko polisi. Kwa ajili yake, na kwa ule muhuri wake aliolala nao chini ya mto, watu walimwita Bi Muhuri, ingawa hakuna aliyethubutu kumwita hivyo akiwa karibu.

"Mama," alisema mtoto, "hapa kuna vitabu thelathini na saba ambavyo havimo ndani."

Mkutubi alimtazama. Kisha akaitazama orodha. Kisha akavuta daftari la mtoto kutoka mkononi mwake kwa pupa hadi likachanika jalada, akaanza kunakili.

"Hatufungi!" aliwaambia watoto. "Njooni kesho asubuhi kwa kinyozi, dukani kwa mume wangu. Njooni na wenzenu!"

Alinakili majina yote hadi ya mwisho, mkono ukikimbia kwa furaha. Ulisita mara moja tu, namba kumi na tisa, kwa sababu namba kumi na tisa ilikuwa mama mkwe wake.

*

Mchana walikaa mezani wanne: Mkutubi, mumewe aliyekuwa kinyozi, binti yao, na Bibi, mama yake kinyozi, ambaye walikuwa wakiishi naye mwaka wa tatu sasa. Bibi alionja chakula, akaweka kijiko chini.

"Mwambie mama yako chumvi imezidi."

Mkutubi alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwake, magoti yao yanakaribia kugusana chini ya meza.

"Mama, Bibi anasema chumvi imezidi," alisema mtoto, mdomo umejaa.

"Mwambie Bibi nimesikia, kesho nitapunguza."

Ndivyo walivyokuwa wakiishi tangu siku Mkutubi alipolibandika jina la Bibi mlangoni, miaka miwili iliyopita. Kanuni ni kanuni, alisema siku hiyo, na mama mkwe ni msomaji kama wasomaji wengine. Kuanzia jioni ile Bibi hakumtupia tena neno. Kila kitu kilipita kwa mtoto, na mtoto aliizoea kazi hiyo mpaka majirani wakambandika jina la Redio.

Kinyozi alimeza tonge, akawatazama wote wawili kwa zamu, kama afanyavyo mtu anayevuka barabara. "Duka ni lenu," alisema. "Benchi ndefu ipo, viti vitatu vipo, na kioo ni cha ukuta mzima. Watoto watajiona wanasoma. Ila wateja wangu nusu wamo kwenye orodha yako. Wakikuona mlangoni watahama wote na nywele zao."

"Nitazungumza nao vizuri."

"Utazungumza vizuri? Wewe?"

Mkutubi alimgeukia binti yake. "Redio, muulize Bibi, kwa heshima, kama atatutolea kitabu chake kwa ajili ya watoto."

Bibi hakusubiri aulizwe. "Mwambie mama yako nitakirudisha siku na yeye atakaporudisha."

"Atakaporudisha nini, Bibi?"

"Wewe mwambie tu."

Mkutubi alidhani anadaiwa heshima. Aliinamia sahani yake akala chakula chenye chumvi nyingi hadi kikaisha.

*

Alianza na fundi pikipiki, namba moja, kitabu cha kutengeneza redio. Fundi alimwona kutoka mbali. Alipofika gereji alikuta pikipiki imesimama na miguu miwili imechomoza chini yake.

"Fundi hayupo," ilisema miguu.

"Na viatu hivi ni vya nani?"

"Ameviacha."

Alikwenda kwa muuza mayai, namba nne, kitabu cha ufugaji wa kuku. Mtoto aliyetoka mlangoni alisema mama amesafiri, na mama mwenyewe akapiga chafya nyuma ya pazia. Namba saba aliapa kitabu amekirudisha. Namba tisa aliahidi kesho. Wengine wote waliopatikana, neno lao lilikuwa moja, kesho, na Mkutubi alizunguka kwenye jua kali mkono mtupu, akihesabu milango iliyofungwa alipokuwa akikaribia. Mtaa ule ule aliotembea kifua mbele miaka kumi na moja leo ulikuwa unamkimbia kama mgonjwa wa ndui.

Mshonaji, namba kumi na mbili, hakukimbia. Aliendelea kukanyaga cherehani yake bila kuinua kichwa.

"Umefuata kitabu."

"Nimefuata kitabu, dada."

Cherehani ilisimama. "Ulinibandika wiki ya posa ya binti yangu. Unajua hilo? Wakwe walipita pale mlangoni, wakasimama kusoma. Baba mtu akaja kuniuliza hapa hapa, mbele ya wageni, hivi nyinyi mkipewa kitu mnarudisha kweli?"

Mkutubi alikuwa na jibu la siku zote, kanuni ya nne, kifungu cha pili. Lilifika mpaka kwenye meno likarudi. Kwa mara ya kwanza alimwona akilini mwanamke huyu akiwa mbele ya wageni wale, anatafuta pa kuweka macho yake.

"Nisamehe," alisema. "Kwangu ilikuwa wino tu. Sikuwaza mbali zaidi ya hapo."

Mshonaji alimkodolea macho. Hakuna mtu mtaani aliyewahi kumsikia Bi Muhuri akiomba radhi. Aliinama, akatoa kitabu chini ya marundo ya vitambaa, hadithi ya watoto yenye picha, jalada limefifia. "Chukua. Ukurasa wa mwisho haumo, nilikatia mfano wa kola." Akauonyesha ukutani, kipande cha karatasi chenye umbo la shingo, kimening'inia kwenye msumari. "Sikuwa na sura ya kukileta hivyo."

Mkutubi alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. Wazo lilimjia pale pale, limekamilika.

"Sikichukui."

"Hukichukui?"

"Kikae hapa. Mtoto atakuja na kadi yake, atakiazima kwako. Akimaliza atarudi, atakueleza kilichomo. Ukiridhika, utamwekea sahihi."

"Mimi?"

"Wewe."

"Mimi niliyeko mlangoni?"

"Ndiyo. Vitabu vyangu vyote vilivyo hai viko kwenu. Maktaba ni nyinyi."

Mshonaji aliuchezea uzi. "Na nisiporidhika?"

"Hapati sahihi."

"Basi nitakuwa mkali," alisema mshonaji, na pembe za mdomo wake zikaanza kupanda. "Nitakuwa mkali kuliko wewe."

Mkutubi alirudi gereji karibu anakimbia, mkoba unampigapiga ubavuni. Alichuchumaa kando ya pikipiki akaiambia miguu miwili kila kitu, kwa pumzi moja. Miguu ilitulia kidogo. Kisha ukafuata mkono, halafu uso wenye grisi, umetoa meno yote nje.

"Yaani mimi ndiye nitakayemuuliza mtoto maswali?"

"Wewe peke yako."

"Walimu wangu wangeniona leo!" alisema fundi.

*

Wiki ya kwanza walikuja watoto kumi na mbili. Kinyozi aliandika majina ya nyumba zote kwenye kioo chake kwa kipande cha sabuni, nyumba na kitabu chake, na watoto wakaja kuchagua kama wanavyochagua maandazi. Wiki ya pili walikuwa thelathini na tano. Wiki ya tatu Mkutubi aliacha kuwahesabu vichwa, akahesabu viatu mlangoni kisha akagawa kwa mbili.

Mtaa uligeuka juu chini. Fundi pikipiki aliweka kigoda cha wanafunzi na kuwakatalia sahihi watoto wawili kwa kuchanganya waya. Muuza mayai alipewa taarifa na msichana wa darasa la tatu kwamba, kwa mujibu wa ukurasa wa arobaini, kuku wake wamelala pabaya. Alicheka. Akaenda kusoma ukurasa wa arobaini. Kesho yake akavunja banda akajenga jingine, na tangu hapo aliwaita watoto wa kadi "daktari". Hadithi ya mshonaji isiyo na mwisho ndiyo iliyogombewa kuliko zote, kwa kuwa kila mtoto alirudi na mwisho wake, wakabishana barazani hadi sauti zikakauka. Pale kwa kinyozi mteja mmoja alitoka amenyolewa nusu kichwa, kwa sababu kinyozi aliuacha wembe asikilize simba wa hadithini ameponea wapi, kisha akasahau.

Kila jioni Mkutubi alifuta namba kwenye kona ya kioo akaandika nyingine. Kumi na sita wamemaliza vitano. Ishirini na tisa. Arobaini na moja. Alilala akitabasamu, akaamka kabla ya jogoo. Watu walimsalimia. Mwanamke mmoja alimwita Bi Muhuri usoni, akajishika mdomo, na Mkutubi akacheka hadi machozi.

Ilipobaki siku moja namba ilisimama kwenye arobaini na tisa, ikagoma. Watoto wengine walikuwa wamesafiri na wazazi wao, wengine bado wako kwenye cha pili au cha tatu. Alipekua kadi zote, akakuta mmoja tu mwenye vitabu vinne. Redio. Mtoto aliyezunguka nyumba thelathini na sita kila siku akipeleka habari, kitabu kipi kimerudi, nani anakingoja, hakupata nafasi ya kukaa kitako asome vyake.

Asubuhi ya ukaguzi Mkutubi alimkuta mlangoni, ameshavaa viatu, mkoba wa shule mgongoni.

"Nimemaliza cha tano, mama. Bibi alinipa. Ameshanisaini."

Sahihi ya Bibi ilikuwa pale kwenye kadi, imepinda lakini imeiva. Mkutubi alihisi mwili mzima unakuwa mwepesi. Namba kumi na tisa! Mama mkwe amelainika. Alitaka kumshukuru, akageuka, lakini Bibi alikuwa anafunga kilemba chake, amempa kisogo.

*

Mkaguzi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba na faili nene. Alitaka kukaa mbele ya maktaba yenyewe, kwa hiyo kinyozi alibeba kiti chake kinachozunguka hadi pale, nje ya mlango wenye kufuli. Mtaa wote ulikuja. Watu wa kwenye orodha walisimama mstari wa mbele wamevaa nguo za kutokea.

Aliwauliza mmoja mmoja. Fundi pikipiki alikuwa akitafuna kucha kila mwanafunzi wake alipoitwa. Watoto tisa walisimulia kitabu kimoja wakakimaliza kwa namna tisa, mkaguzi akaanza kuchanganyikiwa, mpaka mshonaji alipojitokeza na kola ya karatasi mkononi. Mkaguzi aliizungusha shingo ya karatasi, akasoma mwisho, akavua miwani akajifuta macho kwa kucheka. Alipiga tiki. Arobaini na tisa.

"Wa hamsini."

Redio alisogea. Vinne vya kwanza alivijibu haraka haraka.

"Na cha tano?"

Mtoto aliingiza mkono mkobani akatoa kitabu chenye jalada la kijani. Mkutubi alikiona, akapiga hatua moja nyuma. Hakikuwa cha namba kumi na tisa. Alikijua. Kilikuwa chini ya khanga zake kabatini, upande wa nyuma kabisa, na kila Jumatatu kwa miaka mitatu alisema nitakirudisha kesho.

Mkaguzi alitazama orodha ya mlangoni kupitia kioo, juu hadi chini. "Hiki hapa hakimo." Akafungua faili lake. "Kwangu kimo. Kiliazimwa miaka mitatu iliyopita, hakijarudi. Mwazimaji ni..." Kidole kilisimama. Aliinua macho, akamtazama Mkutubi, asiseme. "Orodha yenu inasema vitabu thelathini na saba. Faili linasema thelathini na nane. Kitabu kisicho na mtu wa kukikiri siwezi kukihesabu. Nani anacho?"

Mkutubi angeweza kusema hajui. Wangebaki arobaini na tisa, angelia, watu wangemhurumia, na jengo lingekuwa ghala. Aliwatazama wale wa mstari wa mbele, mshonaji, muuza mayai, fundi mwenye nguo za kutokea, watu aliowatundika wote pale bila kupepesa macho.

"Ni mimi," alisema. "Nilikiazima mimi. Nilipoandika orodha nilijiruka."

"Bi Muhuri?" alisema mshonaji, sauti ndogo.

"Miaka mitatu!" alipiga kelele fundi pikipiki. "Mimi kwa miaka miwili na nusu nimelala chini ya pikipiki!"

Kicheko kililipuka, kikubwa, kisicho na chuki hata kidogo, na Mkutubi, uso unamwaka kwa haya, alijikuta naye anacheka. Mkaguzi aligonga faili hadi wakatulia.

"Mtoto bado hajajibu. Kitabu kinahusu nini?"

"Kinahusu jinsi ya kuishi na mama mkwe," alisema Redio.

Kinyozi alifunga macho. Watu waliuma midomo, wakatazama angani, wakatazama viatu. Mkutubi alitamani ile dari ishuke sasa.

"Na umejifunza nini?"

Redio alifikiri. Alimtazama mama yake, kisha Bibi yake. "Sura ya tatu inasema ukiwa na neno na mwenzako, mwambie mwenyewe. Usimtume mtoto."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mkaguzi aliandika kitu, akapiga tiki, akagonga muhuri wa ofisi yake. "Hamsini," alisema. Watoto wakaruka, wakapiga mayowe, kadi zikatupwa juu. Kinyozi alikizungusha kiti na mkaguzi akiwa juu yake.

Katikati ya kelele hizo Bibi alikuja taratibu, watu wakimpisha, akasimama mbele ya mkwe wake. Alimtazama usoni.

"Nilikikuta kabatini siku ileile uliyonibandika, nikikupangia nguo."

Miaka miwili Mkutubi hakuwahi kuisikia sauti ile ikimwelekea. "Na hukusema, mama? Ungeweza kuniumbua mtaa mzima."

"Hata mwanangu sikumwambia. Nilishajua mlangoni panaumaje." Bibi alitoa kalamu nyekundu kutoka kwenye pindo la khanga yake, alikuja nayo. "Haya, andika. Herufi kubwa, mwanangu. Mimi uliniandika kwa herufi kubwa."

Mkutubi alipiga magoti mbele ya kioo. Kwa nje, mkabala na ile orodha ya ndani, alibandika karatasi mpya akaandika namba thelathini na nane, jina lake lote, kitabu, tarehe. Aliandika polepole, macho yamejaa, na watu wa mstari wa mbele wakamhesabia herufi kwa sauti.

"Na cha kwako, mama?" aliuliza akiinuka. "Cha namba kumi na tisa?"

"Nitakirudisha," alisema Bibi.

"Lini?"

"Kesho."

*

Mchana huo walikaa mezani wanne. Nje watoto walikuwa bado wanapiga kelele barabarani. Bibi alionja chakula, akaweka kijiko chini, na Redio, kwa mazoea, akamgeukia mama yake na kufungua mdomo.

Bibi alimwekea mkono begani akamnyamazisha. Akamtazama mkwe wake.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Nimesikia, mama," alisema Mkutubi, na furaha ikamjaa hadi akashindwa kula.

Redio aliwatazama, huyu na yule, akingoja atumwe. Hakuna aliyemtuma. Akavuta sahani yake akaendelea kula.